Pomboo wa Ijumaa Jioni

Jumatatu, 4 Agosti
Mvua tangu saa nane. Mama kapeleka majani ya chai kituo cha kununulia. Mimi na kompyuta, na ndizi za kuchemsha zilizopoa. Kila likizo ni hivi: napanga picha za wiki zangu baharini, naandika jina la mnyama chini ya kila moja, natuma kazini. Inachosha macho.

Hapa Manga, milimani mbali na pwani, ukisema unalipwa kuangalia bahari, wanakucheka. Nimeacha kueleza. Meli yetu inatafuta mafuta chini ya bahari. Inakokota mizinga ya hewa inayolipuka majini mchana na usiku, ili mwangwi uonyeshe kilicho chini. Sisi waangalizi tunakaa juu na darubini. Nyangumi akikaribia, mizinga inazimwa. Pomboo akikaribia, haizimwi. Kazi yenyewe ni hiyo.

Jumanne, 5 Agosti
Nimefika picha za Ijumaa, 18 Julai. Niliandika: pomboo, watano.

Si pomboo.

Nimeangalia hadi macho yanauma. Pezi la mgongoni dogo, limekaa nyuma mno. Ngozi ya kahawia, makovu meupe mawili mawili, kama mtu aliyepita kwenye miiba. Picha moja ina kichwa: mdomo mrefu umetoka majini, taya limepinda kwenda juu. Nyangumi wa mdomo mrefu. Hawa wanazama kwa saa nzima, wanaibuka dakika chache, wanapotea tena. Kuna waangalizi wanaostaafu bila kumwona hata mmoja. Mimi nimewaona watano.

Ningekuwa na furaha leo. Nimefunga kompyuta.

Jumatano, 6 Agosti
Niandike ilivyokuwa, maana hakuna atakayesoma.

Jua lilikuwa limebaki kidogo juu ya maji. Sabato inaingia jua likizama. Tulikuwa na mpango na mwenzangu wa zamu: yeye anashika Jumamosi yangu, mimi nashika Jumapili yake. Sijawahi kufanya kazi siku ya Sabato tangu niingie melini.

Ukiandika nyangumi, unampigia nahodha, mizinga inazimwa, unabaki juu ukichunga maji, halafu unajaza fomu ya kurasa nne. Hiyo ingenifikisha gizani. Pomboo ni mstari mmoja tu. Niliona migongo ikiibuka mara mbili. Nilipiga picha. Niliandika mstari mmoja nikashuka kuoga. Niliimba nikioga.

Sikudanganya. Sikuwa na hakika. Lakini tulifundishwa siku ya kwanza kabisa: usipokuwa na hakika, andika nyangumi. Nilijua hivyo hata nilipokuwa nashika kalamu.

Mama huwaambia wenzake wa kanisani kwamba binti yake hajavunja Sabato hata katikati ya bahari. Alisema tena leo, mbele ya jirani. Nilitoka nje.

Alhamisi, 7 Agosti
Mwanaidi ameniandikia. Tulisomea kazi hii pamoja, sasa yuko kwao pwani. Wavuvi walikuta mzoga ufukweni siku tatu baada ya Ijumaa ile, na bado anatafuta jina lake. Ametuma picha. Anataka nimwambie ni mnyama gani.

Dume. Meno mawili yamechomoza kwenye taya la chini. Pezi lina pengo upande wa nyuma, na chini ya pengo makovu matatu yanakutana.

Nimeweka picha yake kando ya zangu. Pengo lile lile. Makovu yale yale. Ndiye wa pili katika wale watano.

Sina njia ya kuthibitisha kuwa ni mizinga yetu. Najua tu kwamba hawa wanaogopa kelele kuliko wote, na kwamba mizinga haikuzimwa. Nilimjibu Mwanaidi: nyangumi wa mdomo mrefu, dume. Sikuongeza neno. Mimi ni mwoga.

Ijumaa, 8 Agosti
Ujumbe wa msimamizi umeingia saa kumi na moja. Meli inarudi maji yale yale kesho jioni, kwa sababu rekodi zinaonyesha hakuna nyangumi pale. Rekodi ni yangu.

Nikisahihisha, watahama. Na mimi nitatolewa. Mwangalizi anayebadilisha rekodi baada ya wiki tatu hachukuliwi na meli yoyote.

Nyumbani picha haziendi, mtandao ni wa kubahatisha. Lazima kupanda hadi juu ya ukingo wa mlima. Jua lilikuwa bado. Ningewahi. Lakini Mama alikuwa amefagia, amepika cha kesho, ananiita tufungue Sabato. Nikaingia, nikaimba.

Hii ni mara ya pili.

Jumamosi, 9 Agosti
Sikulala vizuri. Asubuhi nilivaa nguo ya kanisa, nikamwambia Mama atangulie. Nilijaza kurasa nne mezani, nikapanda ukingoni na kompyuta kwenye begi. Kule juu nilikutana na mzee wa kanisa akiteremka.

"Kemunto, leo ni Sabato."

"Najua, mzee."

Akaendelea kuteremka. Nilituma saa tano: fomu, picha zote, mzoga, na barua ya kusema niliharakisha na kwa nini. Niliposhuka nilisikia wakiimba kanisani. Sikuingia.

Mama amekula peke yake jikoni.

Jumatatu, 11 Agosti
Wamejibu. Meli imehamishiwa mbali. Jina langu limeondolewa. Mistari mitatu, bila salamu.

Mwanaidi nimemwambia yote. Hajanijibu. Wale wanne hakuna anayejua waliko.

Jumatano, 13 Agosti
Ukungu asubuhi. Mama amezungumza nami kwa mara ya kwanza tangu Sabato. Alitaka kumwona huyo mnyama. Nilimwonyesha picha yake akiwa hai.

Aligusa makovu kwenye kioo cha kompyuta. Akauliza nani alimchapa. Nikamwambia madume hupigana kwa yale meno mawili. Akauliza ni picha ya lini. Nikamwambia: Ijumaa, jua likizama, nikikimbilia Sabato.

Aliinuka, akafunga leso yake kiunoni.

"Ungemaliza tu kuandika," akasema. "Mungu angekungoja."

Akachukua kikapu chake. Nikachukua changu. Chai imekua mno na hizi mvua, tumechuma hadi mchana.