Mwizi wa Birika na Ngamia Watatu

Dada Mwikali,

Hamjambo nyumbani? Jua la Garissa ni kali, lakini chai ya maziwa ya ngamia nimeizoea.

Leo mhadhiri wetu wa saikolojia alimtuma dereva wetu, mtu wa bara kama sisi, aibe birika la Halima, muuza maziwa sokoni, huku akimwona, kisha tukamwonyesha Halima picha sita amtambue mwizi. Jaribio zuri, maana hakujua ni mchezo. Kasoro yake aliitaja Halima mwenyewe: "Wallahi, nyinyi watu wa Kenya mnafanana." "Watu wa Kenya", kwa Wasomali wa huku, ni sisi wa bara. Akachagua mtu mwingine kabisa.

Nikacheka. Akanionyesha ngamia watatu. "Haya, maziwa yako ya asubuhi ni ya yupi?"

Nikanyoosha kidole.

"Huyo ni dume."

Msalimie Mama. Nawe karani wa korti, siku shahidi akiapa kwamba ni yule, mkumbuke ndugu yako na dume lake.

Mutua