Chupa za Mista Deli na Kunde za Mayu

Jumamosi, 3 Juni 1995

Wiki ya pili kazini. Nyumba ni ya kampuni ya pamba, hizi kampuni za watu binafsi zilizoruhusiwa juzi juzi. Napika, nafua, napiga pasi. Yote kwa ajili ya mtu mmoja tu — Mmarekani aliyekuja kufunga mashine za kuchambua pamba. Jina lake Dale. Tunamwita Mista Deli. Mrefu, masikio mekundu, anakula ugali kwa uma. Kiswahili chake alikiokota Kenya, kinachechemea lakini kinafika.

Leo nimekuta chupa kwenye pipa la taka. Tupu. Nikaitoa, nikaifuta kwa kanga yangu. Jamani, chupa! Mraba kama tofali, kioo kizito, kifuniko cha kusokota. Na anaitupa! Mwaka themanini na tatu huuziwi mafuta ya kula bila kwenda na chupa yako mwenyewe, na foleni juu. Jirani yangu Justina alilia hadharani siku chupa yake ilipopasuka mlangoni pa duka la ushirika. Leo maduka yamejaa, kioo kizima kinaenda jalalani.

Nikamwomba. Akauliza — tupu? Nikasema tupu ndiyo naitaka. Alicheka hadi akakaa kwenye ndoo.

Jumatano, 14 Juni 1995

Sasa ninazo nne! Hakuna hata mbili zinazofanana. Nimezipa majina.

Tofali — ile ya kwanza.

Mke Mwenza — mabega mapana, kiuno chembamba, inajiona.

Bapa — nyembamba, imejikunja kidogo ikae kwenye mfuko wa nyuma wa suruali.

Na Tumbo. Mviringo, shingo fupi, kizibo cha gome laini na nta nyeusi juu yake. Tumbo nampenda kuliko wote. Nikimshika naona kama nimepakata mtoto aliyeshiba.

Pombe yenyewe inaitwa baboni. Mista Deli anasema kwao ina heshima, inatengenezwa kwa mahindi na kulazwa miaka kwenye mapipa yaliyochomwa ndani. Mahindi! Nikamwambia hata huku gongo ya mahindi ipo, ila hailazwi, inanyweka siku hiyo hiyo kabla polisi hawajafika.

Jumapili, 25 Juni 1995

Mama mkwe kaleta zawadi. Mayu Nyanjige, mama yake Zengo wangu. Kaja na miguu kutoka Ngulyati, ungo wa kunde kichwani, na hakuingia ndani. Hajawahi kuingia. Tangu tujenge hapa mjini anakaa barazani, anakunywa maji, anaondoka. Nyumba ya bati anasema inamtazama vibaya.

Kunde zake ni zile za madoa, kama manyoya ya kanga. Mbegu hiyo alikuja nayo kutoka Shishiyu siku alipoolewa, imefungwa kwenye pindo la nguo. Majani yake ndiyo nsansa ya kweli — ukiyakausha yanakaa mwaka mzima na mboga inabaki na ladha. Lakini bungo, wadudu wa kunde! Mwaka jana walitoboa kila kunde Ngulyati nzima. Mayu peke yake aliokoa, kwa sababu zake ananing'iniza juu ya jiko, kwenye moshi.

"Pika zote, Ng'wana Mayige," kaniambia, ananiita kwa jina la baba yangu kama kawaida yake. "Umekonda kwa kupikia wageni."

Sikupika hata moja. Nimejaza Tofali, nimejaza Bapa, nimejaza Mke Mwenza. Nikafunga kwa nguvu. Bungo anahitaji hewa kama mimi. Tuone.

Jumatatu, 10 Julai 1995

Aibu. Nimefungua Mke Mwenza — ukungu! Kunde zimeota manyoya meupe, harufu ya kibanda cha kuku. Mabega yake yale mazuri yameficha unyevu wote, hata kutoa uozo ilibidi nitumie kijiti, nusu saa.

Mista Deli alipita kwangu, akanikuta nalia na kijiti. Nikamweleza. Hakucheka safari hii. Alisema bibi yake huko kwao alikuwa na kabati zima la mbegu kwenye chupa za kuhifadhia matunda, na yeye alikuwa na kazi ya kutikisa. Kutikisa nini? Akanionyesha. Chupa kavu, kijiko cha chumvi kavu, kunde kiganja kimoja. Tikisa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, kunde bado zina maji. Ikishuka chini yote, ziko tayari.

Tumetikisa za Tofali. Chumvi ikaganda kama ukoga! Bapa vilevile. Hazijaoza bado, lakini zilikuwa njiani. Nimezianika juu ya mkeka siku nzima, na kesho tena. Mista Deli kasimama juani na kofia yake, anafukuza kuku wa Justina kwa Kiingereza.

Jumatano, 12 Julai 1995

Chumvi imeshuka yote! Nimefunga upya.

Jumanne, 8 Agosti 1995

Sikukuu ya wakulima, kazi hakuna. Zengo kaja kutoka Malampaka, ni karani wa mizigo stesheni, namwona mara moja kwa mwezi. Kakuta dirisha zima limepangwa chupa. Kumi na moja. Kazitazama muda mrefu. Kisha akauliza taratibu kama yule mzungu ana adabu.

Nilicheka hadi nikapaliwa. Nikamwonjesha samli niliyojaza tangu Juni kwenye chupa sita. Mume wangu mpenzi, kalamba vijiko sita bila kuuliza tena!

Matokeo ya samli niyaandike nisije nikasahau. Tumbo ameshinda — inatoka yote, haina kona ya kujificha. Chupa za mraba hapana, asubuhi ya baridi samli inaganda pembeni na kisu hakifiki. Asali pia iende kwa Tumbo. Lakini sandukuni Tofali ndiye bingwa, nne za umbo lake zinabanana bila nafasi, hata ukilisukuma sanduku hazigongani. Na samli iliyokaa juani zaidi pale dirishani imechacha. Kioo kinapitisha jua. Kuanzia leo zote gizani, ndani ya magazeti.

Zengo anasema Malampaka abiria wa treni wanatupa chupa madirishani. Ataniokotea. Basi ndiyo mapenzi hayo.

Alhamisi, 17 Agosti 1995

Leo nimeombewa.

Justina kaja na wanawake wanne wa jumuiya, rozari mikononi, nyuso za msiba. Wakaketi. Justina akaanza kwa mbali — kwamba upweke ni mzigo, kwamba waume wakiwa mbali shetani hujipitisha. Mimi naitikia tu, nikadhani kuna mtu kapata matatizo. Wakaimba. Wakapiga magoti. Ndipo Justina akasema, Bwana mfungue dada yetu Felisita kutoka kwenye chupa.

Jamani! Watu walikuwa wameziona dirishani kabla sijazificha!

Nimeenda chumbani nikarudi na Tumbo na mkate. Nikawapakia samli. Wakatafuna. Mmoja akauliza hii samli ni ya lini. Nikasema ya Juni. Akasema haiwezekani. Akanusa chupa. Akauliza kama kuna nyingine tupu.

Wameondoka na tatu! Justina kachukua mbili, anasema za maombi.

Jumatano, 6 Septemba 1995

Mashine zimewashwa. Mji mzima unaunguruma. Mista Deli ana nyuzi za pamba hadi kwenye nyusi. Jumamosi alienda Mwanza kutafuta spea, karudi na chupa yenye kitako kinene na mistari kama hindi lililomenywa. Nikamwuliza ladha yake. Akasema mbaya sana. Aliinunua kwa sababu ya umbo!

Ijumaa, 13 Oktoba 1995

Shemeji Salu kaja mbio na baiskeli kutoka Ngulyati. Jiko la mayu limeungua jana mchana. Upepo, cheche, nyasi. Yeye mzima, mkono tu umebabuka kidogo. Ng'ombe wazima. Lakini kilichokuwa juu ya jiko kimekwisha. Mbegu zote.

Salu anasema mayu amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa tangu jana, hali kitu, anatazama majivu. Wamezunguka kwa majirani wote aliowahi kuwagawia kunde za madoa. Bungo waliwamalizia mwaka jana, kila mtu sasa anapanda za dukani. Za mayu hakuna tena mahali popote.

Zipo. Tofali na Bapa, chini ya kitanda changu. Lakini Juni nilimwambia nilizipika. Nilimwambia zilinoga!

Jumamosi, 14 Oktoba 1995

Nimeomba ruhusa. Mista Deli aliposikia moto akaniendesha mwenyewe na gari la kampuni.

Mayu alikuwa pale pale kwenye kinu. Nikapiga goti. Mwadila mayu, nikamsalimia. Akaitikia kwa sauti ndogo, sijawahi kuisikia sauti hiyo. Nikamwekea chupa mbili mapajani. Akazigeuza. Aliona madoa kupitia kioo, akayafuata kwa kidole.

"Ulisema zilinoga."

"Nilidanganya, mayu."

"Ulisema uliweka chumvi kidogo na karanga."

"Nilidanganya na karanga."

Salu alijifanya anakagua tairi la gari.

Kisha akakasirika! Afadhali, nikasema moyoni, huyu ndiye mayu wangu. Mbegu inapumua, akasema. Inataka moshi, inataka kusikia watu wakiongea. Mimi nimeifungia kwenye chupa ya pombe ya wazungu miezi minne, nimeinyima pumzi, imekufa huku madoa yake yanang'aa. Ataenda kupanda maiti?

Nikafungua Tofali. Akamimina kiganjani. Hakuna tundu hata moja. Akatafuna moja, ikalia ka! Nikakiri pia kwamba chupa moja ilioza, kwa sababu sikukausha vizuri. Hapo akanitazama vingine. "Umeona," akasema. "Ilitaka pumzi." Nikasema ndiyo mayu, kwanza pumzi na jua, halafu chupa. Hakukubali, hakukataa.

Tumepatana hivi. Amechagua kumi yeye mwenyewe. Atazilaza kwenye kitambaa chenye maji, ndani, karibu na kitanda chake. Siruhusiwi kuzigusa. Chupa zibaki kwake.

Kufika tu mjini Mista Deli akaniambia, naye aliwahi kumdanganya bibi yake kuhusu mbegu. Alizila zote.

Jumanne, 17 Oktoba 1995

Nimeunguza chapati. Nimetia chumvi kwenye chai ya Mista Deli. Kainywa yote.

Jumapili, 22 Oktoba 1995

Mjini spika na kampeni, kila chama na ngoma yake. Mimi na Justina tumetoka kanisani, tunavuka kwa shida, nikamwona mayu anakuja katikati ya mkutano wa watu, na miguu kama kawaida, amekunja ngumi kifuani. Watu wanampisha wakidhani ni mshabiki.

Kafungua ngumi mbele yangu. Kitambaa. Tisa zimeota! Vijimkia vyeupe, vimejikunja kama watoto waliolala.

Tisa! Nilipiga kigelegele, na umati wa chama fulani ukaitikia, hata sijui ni chama gani.

"Na ya kumi, mayu?"

"Ya kumi nilitafuna juzi, nilikuwa na mashaka." Kisha kwa sauti ya chini, anatazama pembeni — "Wabeja, Ng'wana Mayige."

Miaka kumi na tisa ya ndoa. Mara ya kwanza kunishukuru.

Jumatano, 8 Novemba 1995

Mvua! Ya kweli, sio ya kutishia. Mista Deli kanipa siku mbili. Tumepanda wote, mayu mbele na jembe, mimi nyuma na Bapa — inakaa kiganjani, unaitikisa mara moja zinatoka mbili au tatu shimoni. Mayu aliitazama, akatupa kibuyu chake kando, akaninyang'anya.

Jioni mgongo umekatika. Nimelala kwake. Jiko jipya linanuka udongo.

Jumamosi, 2 Desemba 1995

Mista Deli kaondoka asubuhi. Msimu umekwisha, mashine zimefunikwa. Nilimfungashia karanga na asali. Akataka kunishika mkono, akabadili mawazo, akapiga goti kama ninavyompigia mayu! Mtu mzima, nusu ya urefu wake bado iko juu yangu. Nililia, nikacheka, sijui kilichotangulia. Bapa nimempa, mayu kakubali. Nimeweka ndani kunde za madoa, kwa kabati la bibi yake.

Naye kaniachia boksi. Nimelifungulia nyumbani. Chupa ya pembe sita! Kila upande kioo kimechongwa, kizibo kirefu, nta nyeusi. Sijawahi kuona. Zingekuwa nyingi zingebanana kama masega ya nyuki, hakuna hewa hata chembe — ila ni moja tu, na imejaa. Haijafunguliwa. Baboni hadi shingoni.

Naandika haraka, nimesimama jikoni. Mayu kaja mchana na majani machanga ya kwanza, fungu dogo, yananukia shamba. Nikamwekea kigoda barazani kama kawaida. Akakiangalia kigoda, akakiinua, akaingia nacho ndani. Ndani! Amekaa chini ya bati. Justina naye kaja kuomba chupa tupu, akamkuta, wanaelewana kama mapacha.

Mayu ameiona ya pembe sita. Ameizungusha, amepima kina kwa kidole. Hii, anasema, ndiyo ya mbegu za mwakani. Kitolewe kilichomo. Nikasema nikamwage nje. Amekuja juu! Ni mahindi hayo, anasema, nani amenifundisha kumwaga mahindi? Justina kasema kwa upole kwamba mvinyo hata kwenye harusi ya Kana ulikuwepo. Mimi nimetumwa vikombe.

Hodi mlangoni. Sauti ya katekista! Kaja kuhusu kwaya ya Krismasi, na Justina simsikii tena, nadhani yuko chini ya meza. Nasikia nta inavunjika kwa meno — mayu ana meno matatu tu. Anamkaribisha, baba pita, pita, hapa kwa mwanangu hakuna mgeni. Po! Kizibo. Na ananiita, Ng'wana Mayige, vikombe viwe vinne —