Viwavi wa Binti Yangu na Kuku wa Jirani

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na kabla ya yote naomba usinicheke, maana jambo lenyewe ukilitaja harakaharaka linachekesha, ni habari ya viwavi na kabichi, lakini mimi tangu litokee siwezi kumtazama binti yangu usoni, na mtu mzima anapofika mahali pa kumkwepa mtoto wa miaka minane ndani ya nyumba yake mwenyewe ujue mambo yameharibika.

Mimi ni fundi wa kupuliza rangi za magari. Hata wewe nimekufahamu kupitia kazi hiyo, kwa sababu kabla ya kupuliza tunabandika magazeti ya zamani kwenye vioo ili rangi isiruke ikashika pasipotakiwa, na mimi nikishabandika husimama nikasoma ukurasa wako mpaka bosi aanze kupiga kelele. Sasa hivi nimekaa ndani ya gari la mteja, vioo vyote vimezibwa, wenzangu wanadhani napiga msasa milango kwa ndani.

Nina watoto wawili, huyo binti ambaye nyumbani tunamwita Daktari kwa sababu hakuna kinachompita bila kukichunguza, na mdogo wake wa kiume wa miaka mitano, ambaye akiona dada yake kachuchumaa na yeye anachuchumaa hata kama hajui wanatazama nini. Nyuma ya nyumba tulikuwa na kieneo kilichojaa makopo na vipande vya matofali, na mimi kwa mdomo wangu ndiye niliyesema tukisafishe tupande mboga, watoto wajue chakula kinatoka wapi, tena waache kukodolea simu. Tukalima pamoja, tukachanganya samadi pamoja, mke wangu akiziba pua na kucheka, tukapanda nyanya, mchicha na kabichi, na nakuambia ukweli, mshauri, sijawahi kuwa na raha kama ile ya kurudi kazini na kuburutwa mkono kwenda kuonyeshwa kijani kilichochomoza.

Kisha viwavi wakaja kwenye kabichi. Mimi nilitaka kuwaponda, Daktari akalia, akasema mwalimu wao amewafundisha kwamba hao ndio watakaokuwa vipepeo, wanajifunga kwanza, wanalala, halafu wanatoka na mabawa. Nikaona hili ndilo hasa nililolitaka, mtoto ajifunze kwa macho yake, basi tukapatana kwamba mstari mmoja wa kabichi, ule wa ukutani, ni wa viwavi, na mistari mingine ni yetu, na viwavi wakivuka mpaka tutawarudisha taratibu kwa kijiti. Niliahidi mimi, baba yao, tena tulipeana mikono. Kuanzia hapo kila asubuhi kabla ya shule watoto walikuwa nyuma ya nyumba wakikagua nani ameongezeka unene na nani anaelekea kujifunga.

Ubaya ulianzia kwenye kuringa kwangu. Gereji nzima nilikuwa nimeisimulia bustani yangu, na chumvi nikatia, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye tangu siku ya posa hajawahi kuniona wa maana, akasikia akasema Jumapili atakuja kujionea hilo shamba. Nikaenda nyuma kutazama kwa jicho la mgeni, nikaona ule mstari wa ukutani umetoboka kama chujio, na wewe ujue mimi riziki yangu ni kuondoa madoa, gari likiwa na alama ndogo ya ukucha mimi silali, nikaona shemeji atasimama pale aangue kicheko. Watoto wakiwa shule na mama yao yuko kazini nikachukua dawa ya wadudu nikapuliza mstari mzima, kushoto kwenda kulia, juu na chini ya jani, mkono ule ule ninaopakia boneti za magari, sikuacha hata upenyo. Halafu nikawafagia waliokufa nikawatupa, nikang'oa kabichi zilizoharibika zaidi, nikasawazisha udongo. Harufu haikunifichua, maana mimi kila siku narudi nanuka rangi, hakuna anayeshtuka.

Watoto waliporudi walikimbilia nyuma kama kawaida. Daktari akaja akasimama mlangoni na begi bado liko mgongoni, akaniuliza, "Baba, wako wapi?" na mimi, mshauri, sijui ulimi wangu ulipelekwa na nani, nikasema, "Kuku wa bibi jirani waliingia. Nimewakuta wameshamaliza." Bibi jirani ni mama mmoja mjane, anaishi peke yake, anafuga kuku wachache ambao kweli huzurura, na watoto wangu walikuwa wakishinda kwake. Nikamwangushia jumba bovu mama wa watu kwa sababu kuku wake walikuwa karibu na mdomo wangu.

Mtoto akaniuliza kama kiwavi akimezwa anaumia. Nikasema haumii, kuku anameza haraka.

Shemeji alikuja, akazunguka, akasema, "Safi, bwana, sikutegemea," nami nikajivuna, tena nilivimba kichwa kweli, mpaka leo nikikumbuka natamani ardhi inimeze. Jioni hiyo Daktari akaniletea kiwavi kiganjani, hajadonolewa, amekauka, kamkuta chini ya jani. "Baba, huyu kuku hawakumla. Mbona amekufa?" Nikamwambia amekufa kwa hofu, aliwaona kuku wanakula wenzake akashikwa na hofu. Akamtazama sana, kisha akaenda kumzika.

Sasa sikia yaliyofuata. Mtoto alikwenda shule akawaambia wenzake kwamba kiwavi anaweza kufa kwa hofu, darasa likacheka, mwalimu akamwambia sidhani, yeye akabisha. Nyumbani akamsimulia mama yake nikiwa nasikia, "Nikamwambia mwalimu, baba yangu alikuwepo, na baba yangu hadanganyi." Nilikuwa naosha mikono, nikaendelea kuiosha mpaka mke wangu akaniuliza kama nataka kuichubua.

Yule mdogo naye ameanza kuwarushia kuku mawe. Nilimwona siku moja amempata jogoo mguuni, nikasimama tu, maana ningemkemea kwa kinywa gani? Bibi jirani aliposikia kisa akaja mwenyewe kuomba radhi, amebeba bakuli la mayai limefunikwa kitambaa, akamwinamia binti yangu akasema, "Mjukuu wangu, nisamehe, nilipaswa kuwafungia." Daktari akampa mgongo. Na mimi nikayapokea yale mayai, tukayakaanga, nikala. Tangu hapo mama yule amewafungia kuku wake kwenye kibanda kidogo mchana kutwa, wamekonda, hawatagi, na juzi alimwambia mke wangu anatafuta mtu wa kuwachukua kwa sababu umri wake si wa kugombana na majirani.

Mke wangu hajui. Mstari ule nimewakataza wasichume, nimesema udongo unapumzika, ananitazama kwa jicho la pembeni. Nimefikiria kwenda kutafuta viwavi kwingine niwarudishe pale kimyakimya watoto wafurahi, nimefikiria kunyamaza maana watoto husahau, nimefikiria pia kumwambia bibi jirani peke yake na watoto wasijue, ili angalau awafungulie kuku wake. Nishauri, nisaidie, je, kuna namna ya kulimaliza hili bila binti yangu kujua baba yake ni mtu wa aina gani? Nina aibu mpaka naona aibu kuandika kwamba nina aibu.

Ni mimi, fundi rangi

*

Mshauri anajibu:

Baba Daktari, karibu, na toka kwanza ndani ya hilo gari la watu upate hewa.

Umeniomba nisikucheke. Nimecheka, pale kwenye kiwavi aliyekufa kwa hofu, kisha nikafika kwa mtoto anayelitetea neno hilo mbele ya darasa zima na kicheko kikaniishia. Naona uchungu wako ni wa kweli. Mtu asiye na haya angekula mayai yale na kuomba mengine.

Lakini sikufichi, umenikasirisha. Kuua viwavi bustanini si kosa la kumkosesha mtu usingizi, wakulima wanafanya hivyo kila siku. Ulikuwa umepeana mkono na mtoto, ukaivunja ahadi hiyo kwa ajili ya neno "safi" kutoka kwa shemeji. Hilo nalo lingesameheka siku ileile. Mtoto alisimama mlangoni na begi mgongoni, akakuuliza swali moja, na jibu la kweli lilikuwa fupi kuliko la uongo. Ukachagua la uongo, na kila siku tangu hapo unalilisha. Mama mjane ameinama mbele ya mtoto wako kuomba radhi ya kosa lako, nawe umesimama pembeni unapokea bakuli! Hapo, baba, nilitamani nikufikie nikuvute sikio.

Halafu wewe fundi wa dawa na rangi, umemwacha mtoto ashike kwa mkono mtupu kiwavi aliyekufa kwa sumu, kwa sababu kumwambia akanawe kungekufichua. Umefikiria hilo? Na hao kuku unaowasingizia, wangepita kweli kwenye mstari ule siku ile, bibi wa watu angeamka na mizoga. Ulivyozuia mboga zile zisiliwe ulifanya vizuri, ila ulifanya vizuri kwa uongo mwingine. Nenda kasome maandishi ya kwenye chupa, ujue ni siku ngapi za kusubiri. Kama chupa umeitupa kuficha ushahidi, ng'oa mstari wote, tupa mbali na watoto na mifugo. Usitie kwenye mboji.

Sasa hayo mawazo yako matatu. Kurudisha viwavi wapya ni kupaka rangi juu ya kutu, na wewe unajua kuliko mimi kinachotokea baadaye. Kwamba watoto husahau, huyu wako unamwita Daktari kwa sababu hakuna kinachompita, sasa unategemea hili limpite? Atakua, siku moja atasoma juu ya dawa za wadudu, atamkumbuka kiwavi aliyekauka kiganjani mwake, na atajumlisha mwenyewe ukiwa hupo chumbani kujieleza. Ama kumwambia jirani peke yake, huko ni kumwomba mama wa watu akutunzie siri huku mjukuu wake wa mtaani akiendelea kumpa mgongo. Una ujasiri wa kumwomba hivyo? Basi huo ujasiri utumie kwingine.

Unauliza kama kuna namna ya binti yako kutojua baba yake ni mtu wa aina gani. Hakuna, na nashukuru hakuna. Ulitaka ajifunze kwa macho yake. Ameshaona kiwavi, ameshaona kaburi la kiwavi, bado hajamwona mtu mzima akikosea na kulibeba kosa lake mwenyewe. Hilo asipoliona kwako, ataliona kwa nani?

Fanya hivi. Mwambie mkeo kwanza, leo, faragha, usimwache ashtuke mbele ya watoto. Atafoka. Mwache afoke, ana haki. Kisha waite watoto wote wawili pale pale kwenye mstari wa ukutani, uchuchumae ulingane nao, useme: Niliwaua viwavi mimi, kwa dawa, niliona aibu mbele ya mjomba wenu. Kuku hawakuingia. Niliwadanganya. Ukifika hapo funga mdomo. Usiongeze lakini, usiseme nilifanya kwa ajili yenu, usimpe pipi, usimwahidi baiskeli. Yule mdogo mweleze wazi kwamba mawe yale yalikuwa makosa na kwamba wewe uliyaona ukanyamaza.

Kutoka hapo mnakwenda wote kwa bibi jirani, wewe ukitangulia na ukisema wewe. Usimsukume mtoto mbele akuombee msamaha. Wafungulie kuku kwa mkono wako, na kama wameshachukuliwa, wafuate huko waliko uwarudishe. Bustani iwekee uzio, kazi ya Jumamosi moja kwa mtu mwenye mikono kama yako. Halafu nenda shule, uonane na mwalimu, umwambie binti yako alibisha kwa sababu alimwamini baba yake. Hili usilikwepe. Mtoto alichekwa kwa ajili yako, heshima yake uirudishe pale pale ilipopotelea.

Kuhusu mstari wa ukutani, mwulize Daktari upandwe nini, na atakachosema ndicho hicho, hata akisema uachwe mtupu.

Huenda atakasirika siku nyingi. Huenda neno lako atalipima kama anavyopima kila kitu, tena kwa muda mrefu kuliko unavyopenda. Jibu kila atakachouliza. Na akilia, usimnyamazishe.