Namba Nne Nisizozijua

Mtaa wa Kongo, Kawangware, Nairobi. Jumapili, Agosti 2025. Mwaka wa kumi na saba tangu tufukuzwe Kibera.

Mama Njeri wangu,

Jana niliipeleka kwa fundi simu yako, iliyofungwa tangu tukuzike. Nilikuwa nimesoma kwamba simu ikifanyiwa root, fundi huipokonya kampuni iliyoitengeneza mamlaka yake na kuingia kila mahali. Nilitaka zile sauti ulizojirekodi alfajiri ukiimba, ukidhani nimelala.

Fundi aliigeuzageuza. "Mzee, bootloader imelokiwa. Huo ndio mlango wa kwanza simu ikiwaka. Nisipoufungua, siwezi kuroot. Nikiufungua, simu inajifuta yote. Waliifanya hivyo makusudi, mwizi asipate kitu."

"Basi hakuna njia?"

"Iko. PIN ya mama, zile namba nne za kuifungua. Wengi huweka siku ya kuzaliwa. Alizaliwa lini?"

Nikataja ya kitambulisho, mosi Januari, ile tuliyopewa wengi wa rika letu tusiojua siku zetu. Ikakataa. Ya Njeri pia ikakataa.

"Hakuna mtoto mwingine?"

Yuko yule wa pili, aliyetuacha kabla hajatembea. Kila mwaka, siku yake ya kuzaliwa, ulikaanga mandazi ukawaita watoto wa ploti nzima. Nilikula yangu kwa chai, nikarudi kwenye gazeti. Nikamweleza fundi hayo yote, na kwamba mvua ilikuwa ikinyesha alipozaliwa, ila tarehe siijui.

Mama mmoja aliyengoja simu yake akaguna. "Wanaume. Mandazi anakumbuka, siku ya mtoto hapana."

"Wacha mzee," fundi akasema. "Hata mimi ya bibi yangu naambiwa na simu."

Nikacheka nao. Nilipotoka nje uso ulikuwa ukiniwaka.

Mama Achieng', jirani yetu wa zamani, anaijua tarehe hiyo. Ndiye aliyekushika ukijifungua, na bado anaishi palepale Kibera, karibu na mtaa wa Ayany. Watu hudhani siendi huko kwa sababu ya waliotuchomea nyumba. Hao niliwasamehe zamani. Lakini nimejaribu kulipanga swali lenyewe, na kila nikilipanga, ni swali ambalo baba hamwulizi jirani. Angenijibu kwa upole, na upole huo siuwezi.

Simu nimeichaji, nimeiweka kando ya kitanda. Nyimbo zako zimo, na sitazisikia. Nisamehe, na unisemee kwa mtoto.

Pumzika, mama. Kibera sitarudi.

Mumeo,
Baba Njeri