Bamba la Dorothea

Mpendwa mshauri Mwantum, naomba msaada wako upesi, maana daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi kliniki na mimi nimeelewa. Nimeishi kwa kuchora kwa sindano juu ya mabamba ya shaba yaliyopakwa nta, tindikali inakula mistari, unajaza wino, unachapa kwenye karatasi, na desturi ya kazi yetu ni kwamba nakala ulizoahidi zikitimia unalikwaruza bamba ili lisichapwe tena. Bamba la uso wa marehemu mke wangu Dorothea niliahidi nakala thelathini, zote zimeuzwa, na wanunuzi wanaamini nimeshalikwaruza, kumbe ninalo hapa chini ya mto, kwa sababu presha ya macho imenipofusha, karatasi kwangu sasa ni karatasi tu, lakini mistari ya shaba naipapasa kwa kidole na kumwona, na nikilikwaruza nitakuwa nimemzika mara ya pili, na nisipolikwaruza kuna mwanangu Castory, aliyeko Dodoma mjini na mashine yangu ya kuchapia, ambaye kila akija ananitania, "Mzee, hilo bamba ni shamba, tutavuna mpaka wajukuu," nami nacheka naye huku moyo unanienda mbio, maana nikifa atachapa, na mimi nitabaki mwongo kaburini. Haya ananiandikia jirani yangu Shakila. Silali. Nifanyeje?

Mzee Nikodemo, Kibakwe

Shikamoo, Mzee Nikodemo. Pole kwa macho, na pole kwa upweke. Lakini niruhusu nikugombeze, kwa heshima zote. Castory anatania, wewe unacheka, halafu unamwogopa kama mwizi. Umewahi kumwambia kwamba bamba hilo ndiyo macho yako? Hujamwambia. Yeye anaona biashara kwa sababu hujamwonyesha kitu kingine. Na wale walionunua uliwapa neno lako. Usimwachie mtoto deni la ahadi asiyoijua.

Nimemuuliza mchapaji mmoja wa hapa mjini. Anasema mkwaruzo si lazima upite usoni. Ukiwa mrefu na wa kina, hata nguoni unatosha, mradi kila karatasi itakayochapwa iuonyeshe.

Basi mwite Castory Jumamosi hii, usingoje kupata nafuu. Mweleze yote, na habari ya wanunuzi usiifiche. Kisha mpe sindano yeye. Wewe funika uso wa mama yake kwa kiganja chako, naye akwaruze kutoka bega hadi bega, akandamize kwa nguvu.

Na bamba lirudi chini ya mto wako, lisitoke chumbani humo kabla yako.