Miwani ya Punda Niliyoifuta kwa Mkate

Kwako Bibi Tafida wa ukurasa wa ushauri wa gazeti la Jumanne,

Naomba unisaidie, na ujue kwamba kuomba si kazi yangu. Wengine wanaokuandikia hujificha nyuma ya herufi mbili, mimi naandika jina langu lote, Abdulmuti Shendi wa Kom el-Dikka, hapa hapa Iskandaria, niliyeendesha tramu ya Ramleh miaka thelathini na minne na sikugonga hata paka, waulize wazee wa depo kama wamebaki.

Mwandiko utanisamehe. Shule sikusoma, nilijua namba za tramu na majina ya vituo na saini yangu, basi. Herufi nimezijua nina miaka sitini, nimeshastaafu, tena bila mwalimu, nimezijua kwa vitabu vya watoto vya picha, vile vya zamani vilivyochapwa wakati sisi ni vijana, kuna bata na chini yake imeandikwa bata, sasa hapo mtu atakosaje? Ndivyo nilivyoanza kuvikusanya na leo ninavyo mia nne na kumi na viwili kwenye makabati ya vioo, na pale Attarine kwenye maduka ya vitu vya kale hakuna anayeniweza. Wapo madaktari wanakusanya kama mimi, lakini wao wanatazama jalada tu, mimi nafungua katikati natazama uzi, na wakikuta kitabu kimechorwachorwa na mtoto wanakiacha, mimi nakichukua maana kusafisha najua.

Na kusafisha kwenyewe si kwa raba, raba inachubua karatasi. Unachukua mkate mweupe wa juzi, unatoa ule ulaini wa ndani, unauviringa tonge, unasugua polepole kwa upande mmoja kama unapapasa shavu la mtoto, tonge likiwa jeusi unatupa unaviringa jingine. Ukimaliza unakilaza kitabu chini ya chuma kizito, mimi nina kipande cha reli walichonipa siku ya kustaafu, unakiacha mwezi mzima, kikitoka hapo hata ukikiinamisha dirishani huoni alama ya penseli ilikopita. Kazi hiyo kwa mji huu naijua mimi.

Sasa kuna kitabu cha punda aliyekwenda mahakamani kumshtaki bwana wake. Nilikitafuta miaka kumi na moja. Mwaka jana majira ya kiangazi Shaltut, huyu ninayenunua kwake Attarine, akaniambia kwa jina wanaloita mafundi huku, "Usta, punda wako amefika, lakini ni mgonjwa." Kweli alikuwa mgonjwa, mtoto fulani alikuwa amemchorea punda miwani kwa penseli, na si ukurasa mmoja, kila ukurasa! Nilikaa nacho siku nne, ukurasa kwa ukurasa, na kila ukurasa nikimlaani yule mtoto na aliyemlea. Nilipomaliza kilikuwa kama kimetoka kiwandani asubuhi ile. Nikakiweka kabati la katikati, usawa wa macho.

Alhamisi iliyopita, ile siku ya mvua kubwa na upepo wa baharini, nikasikia fimbo kwenye ngazi. Nakaa ghorofa ya tano na lifti hakuna, nikaisikia toka ya pili, tak, inapumzika, tak. Nikafungua. Bibi wa miaka themanini na zaidi, koti jeusi limelowa, anahema.

"Wewe ndiye Usta Abdulmuti wa vitabu?"

"Mwenyewe hasa, karibu hajjah, umefika kwa mwenyewe."

"Acha uhajjah, nipe kiti."

Nikampa kiti, nikampa chai, hakuigusa. Akaniambia yeye ni Bahiga wa Muharram Bek, mwaka jana alivunjika nyonga akalazwa, na alipokuwa hospitali mtoto wa kaka yake akasafisha nyumba, maboksi yote akampa mnunuzi wa vikuukuu, wale wapitao na mkokoteni wakiita robabikya. "Mungu amsamehe," akasema, "maana mimi bado." Miezi minne anafuata boksi moja tu, kutoka mkokoteni hadi mkokoteni hadi kwa Shaltut. Na Bibi Tafida, Attarine tuna desturi, hatuulizi kitu kimetoka nyumba gani wala hatusemi kimekwenda nyumba gani, ndiyo maana tunalala. Shaltut amevunja desturi hiyo kwa sababu bibi yule alikaa chini mlangoni pa duka akakataa kuondoka.

Nikamwambia, kwa kujigamba, nakiri, "Bibi, kama ni kitabu cha punda, umefika. Nchi nzima huenda havifiki vitano."

Akasema, "Kitabu sikitaki. Nikitaka punda nitatazama jamaa zangu. Nataka miwani."

"Miwani gani?"

"Mwanangu Wagdi alimvalisha punda miwani. Baba yake alikuwa akivaa miwani. Alichora kitandani, ana homa, wiki ile ya mwisho, alikuwa na miaka saba. Picha hatukuwahi kumpiga, nguo nilizigawa siku ya arobaini kwa sababu waliniambia nigawe. Iliyobaki ni hiyo miwani tu."

Kitabu kilikuwa nyuma ya mgongo wake, hatua mbili, ndani ya kioo, nakiona na yeye hakioni.

Na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikasema, "Kipo bibi, kipo salama, ila kiko kwa fundi anayeshona majalada. Njoo Ijumaa ya wiki ijayo baada ya swala." Akaushika mkono wangu akaubusu kabla sijauvuta. Bibi wa umri ule. Akateremka, nikaisikia fimbo mpaka chini.

Nagat, binti yangu, akaja kesho yake, Ijumaa, na sufuria ya dengu akaniona nilivyo, nikamwambia. Akasema, "Baba, si unaikumbuka hiyo miwani? Basi mchoree. Bibi wa watu atafurahi, nani ataumia?" Nikampigia simu Shaltut, yeye akasema, "Mwambie fundi kafa na kitabu kimepotea. Kitu kikishauzwa hakina mama wala baba, wewe mgeni Attarine?"

Bibi Tafida, miwani ile naikumbuka. Hapo sijigambi. Siku nne nimeisugua, kila mstari nimeutazama kwa lenzi. Duara la kushoto daima kubwa kuliko la kulia. Kwenye ukurasa wa soko alimwekea kamba ya kufungia nyuma ya masikio. Mahakamani alimvalisha na hakimu. Na kuna ukurasa punda amelala, hapo miwani hakumvalisha, aliichora chini kando ya kichwa, maana mtu akilala anaivua. Hilo nililiona siku ile na nikacheka, halafu nikalifuta.

Basi nimechukua penseli. Kitabuni bado, nimejaribu nyuma ya karatasi za kalenda. Siku ya kwanza ilitoka kama magurudumu ya tramu. Jana ilitoka ile ile, hata mimi nimeogopa.

Marehemu mke wangu Fawkiya alikuwa akisema, "Abdulmuti, ukipitiliza kituo utasema kituo ndicho kilichohama." Sijapata kumwambia mtu nimekosa, yeye mwenyewe sikumwambia, na nilikuwa na mengi ya kumwambia. Mdomo wangu haujui hayo maneno yanatamkwaje. Lakini kuchora najua, na kusema kimepotea najua. Sasa nichore, au niseme kimepotea? Nijibu Jumanne, maana Ijumaa anakuja.

Abdulmuti Shendi, dereva wa tramu mstaafu

*

Usta Abdulmuti,

Weka penseli chini ndipo uendelee kusoma. Umeweka? Haya.

Umeniuliza mambo mawili na yote mawili ni uongo, umeniwekea sahani mbili za chakula kilichochacha unataka nikuchagulie. Sichagui.

Kwanza nikutendee haki. Mtu anayejifunza kusoma akiwa na miaka sitini, kwa bata na punda, bila mwalimu, ana haki ya kujisifu, na mimi nakuvulia kilemba. Kitabu ulinunua, hukuiba. Kila mkusanyaji hufuta alichochora mtoto, hukuwa na namna ya kujua. Kama ungekoma hapo ningekwambia lala usingizi, ni msiba, si dhambi.

Lakini hukukoma hapo. Bibi mwenye nyonga iliyovunjika amepanda ngazi zako ghorofa tano kwenye mvua, na wewe ukamwambia ateremke, halafu apande tena. Hilo mkate haukulifanya, umelifanya wewe. Na umemwachia tumaini la wiki nzima ambalo ulijua halina kitu ndani. Aibu, Usta. Aibu kubwa, na naona unaijua, maana umeniandikia.

Binti yako anauliza nani ataumia. Mjibu hivi: bibi yule atakiweka kitabu chini ya mto. Atakibusu. Atapitisha kidole juu ya ile mistari kila asubuhi mpaka atakapokufa, akidhani anashika mkono wa mtoto wake, kumbe ameshika mkono wa dereva wa tramu. Unataka kumfanyia hivyo mtu? Na je, akijua? Mama anajua mkono wa mwanawe. Akijua, atakuwa amempoteza mara mbili, na mara ya pili kwa kuchezewa. Shaltut naye mwambie nimemsikia, ila maneno yake yanawafaa wanaouza viti.

Sasa fanya hivi. Ijumaa usiingoje. Kesho, Jumatano, asubuhi, muulize Shaltut anapokaa bibi huyo uende wewe Muharram Bek, upande ngazi zake wewe. Vaa vizuri. Nagat mwache nyumbani, na usibebe boksi la keki za basbusa, huendi kuposa. Beba kitabu tu. Akikufungulia, kabla hujakaa, mwambie: nilikudanganya, kitabu kilikuwa nyuma yako, na miwani niliifuta kwa mkono wangu, nisamehe. Kisha nyamaza. Usimweleze habari ya mkate, wala ya reli, wala ya mia nne na kumi na viwili. Usiseme "lakini". Unasema mdomo wako haujui maneno hayo. Yajaribu mbele ya kioo kama ulivyoijaribu penseli kwenye kalenda, siku chache tu umepata mkono wa mtoto wa watu, hutashindwa na ulimi wako mwenyewe.

Anaweza kukupiga kofi, mwache apige. Anaweza kukufungia mlango, basi weka kitabu mlangoni uondoke, na kabati lako la katikati libaki wazi. Usikae kungoja akwambie amekusamehe. Hukwenda kumwomba zawadi. Siahidi kwamba utatoka pale umepona, Usta. Nadhani hutapona. Fawkiya naye hayupo umwambie, na hilo nalo utaishi nalo.

Lakini akikuambia kaa, kaa. Fungua kitabu, ukurasa wa kwanza, mwonyeshe kwa kidole palipokuwa na miwani, na jinsi ilivyokuwa, usiongeze kitu, usipunguze kitu. Halafu ukurasa wa pili, hata kama itawachukua siku nne. Yeye tangu arobaini ile huenda hakuweza kukifungua. Mtu wa mwisho aliyeiona kazi ya yule mtoto, Usta Abdulmuti, ni wewe.

Bibi Tafida