Raba Nne ya Yoane

Alhamisi, mwezi wa tatu, 1973. Koboko.

Leo mawingu ilikuja, ikakaa juu yetu, ikaenda bila mvua. Joto iko ile ile. Nimekaa juu ya tairi nyuma ya nyumba ya Mzee Ramadhani, naandika kabla jua haijaingia. Mkono yangu inanuka mafuta ya breki.

Nina haya. Naandika mbio, nisianze kupunguza.

Mimi si fundi. Hii daftari ilikuwa ya Rozi, mke yangu, alikuwa anaandika mambo ya soko yake ndani. Kama angekuwa hai angecheka kwanza, halafu angenyamaza, na ile kunyamaza ndiyo mbaya. Alijua kazi yangu. Nilikaa miaka sita kwa gereji ya Muhindi pale Arua, na kazi yangu ilikuwa kuosha. Nusu pipa, mafuta ya taa ndani, mimi huko nyuma. Chuma inakuja nyeusi, inatoka nyeupe. Muhindi anafungua, mimi naosha, Muhindi anafunga. Basi.

Mwaka jana Wahindi waliondoka, gereji ikafungwa. Mimi nikarudi kubeba magunia ya tumbaku. Lakini watu ya mtaa walianza kuniita fundi. Kwanza nilikataa. Halafu nilinyamaza. Halafu nikaanza kuitika.

Yoane ni jirani yangu. Ni Mkakwa ya Sudan, alikimbia vita na mama yake, tukakaa ua moja miaka nane. Siku Rozi alikufa, mimi nilikaa chini kama gunia. Yoane ndiye alichimba kaburi. Udongo ilikuwa ngumu, jembe ilivunjika mpini, akakata mpini ingine, akaendelea. Mke yake alinipikia mwezi mzima na hakuniuliza kitu.

Sasa Sudan iko na amani, watu wanarudi kwao. Mke ya Yoane na watoto walitangulia na lori. Mama alibaki, mifupa yake haiwezi lori. Kila asubuhi anauliza lini. Anataka kufa kwao, upande ya Yei, si hapa kwa watu. Basi Yoane alipata pikapu moja ya zamani. Injini iko sawa. Breki ya nyuma inavuja, miguu yote mbili, tairi ya kushoto na ya kulia.

Ile kitu ilikufa ni raba. Ni kidogo kama kifuniko ya chupa, inakaa ndani ya breki. Ukikanyaga, mafuta inasukuma raba, raba inasukuma chuma, gari inasimama. Kila mguu ya nyuma iko na mbili. Arua yote hakuna. Duka ya spea iko na mbao tupu na buibui. Yoane alienda na baisikeli mpaka Aru, upande ya Zaire, akalala huko, akarudi na raba nne ndani ya karatasi. Alitoa kondoo yake ya mwisho. Alinipa kama mutu anatoa mayai.

"Fundi," alisema, "hii ni mama yangu umeshika."

Nilisema, "Usiogope, ndugu yangu. Hii kazi naijua."

Nilisema hivyo. Hakuna mutu alinilazimisha.

Kazi yenyewe ilinikataa tangu mwanzo, lakini sikusikia. Dramu ya kushoto, ile chuma ya duara inafunika breki, ilishikwa na kutu. Nilipiga na nyundo, na ubao katikati, tangu asubuhi mpaka watu wakatoka soko. Skurubu ya kutoa hewa ilikatika kidogo kichwa. Watu walisimama kuangalia, mimi najifanya ni kawaida. Mwisho dramu ilitoka, nikafungua ndani, nikatoa raba ya zamani, imekuwa kama udongo.

Zile mupya ilikuwa na vumbi ya njia. Mimi nikafanya kitu moja tu najua katika dunia hii. Nikaosha. Niliweka raba yote nne ndani ya kopo ya mafuta ya taa, nikaacha hapo, nikasugua chuma ingine. Nilikuwa najivuna kabisa. Nilimwambia Yoane, kitu safi inashika.

Wakati ya kuingiza ilikuwa inakataa. Nilisukuma na kidole gumba, nikasema moyoni, labda mupya iko hivi. Yoane alikaa ndani kukanyaga. Mimi chini ya gari, namwita, kanyaga, achia, kanyaga. Hewa ndani ya mafuta ikaisha. Tukajaribu mpaka njia ya Dadamu na kurudi. Breki ilishika mpaka mimi niligonga kichwa kwa kioo. Ua yote ilipiga makofi. Yoane alishika mabega yangu, akasema hana kitu ya kunipa, nichukue baisikeli yake. Tutaiweka juu ya gari, nimsindikize mpaka Koboko, halafu nirudi nayo nyumbani, iwe yangu.

Nikachukua.

Jana asubuhi tuliondoka. Mama mbele, amevaa gauni ya kanisa, mwavuli mkononi. Mimi nyuma na sufuria na baisikeli. Mpaka katikati ya njia nilikuwa naimba. Kabla ya kufika njia ya kwenda Lobule gari ikaanza kuvuta nyuma kama ng'ombe anakataa mto. Halafu harufu. Halafu moshi, kwa tairi ya kushoto na ya kulia.

Tulishusha mama kando ya njia, juu ya mkeka. Nilingoja chuma ipoe, nikafungua mguu ya kushoto. Raba ilikuwa imevimba kama mdomo ya mutu alipigwa na nyuki. Imebana pale ndani, haiendi, hairudi. Ndiyo sababu breki ilikuwa inashika vizuri. Ilikuwa imeshika hata kama hakuna mutu anakanyaga.

Nilinusa. Mafuta ya taa.

Hapo nilikumbuka kitu. Muhindi, kabla ya kunipa chuma ya breki niioshe, alikuwa anatoa raba mwenyewe, anaifunika ndani ya kikombe juu ya meza yake. Miaka sita niliona ile kikombe. Sikuuliza ni ya nini.

Yoane alikuwa amesimama juu yangu. Aliuliza ni nini. Mdomo yangu ilifunguka, ikasema, "Wazaire walikuuzia raba mubaya."

Hakubisha. Angebisha ingekuwa nafuu. Alienda pale mkekani, akachuchumaa mbele ya mama yake, akasema kwa Kikakwa. Kikakwa yangu ni kidogo lakini hii nilisikia yote.

"Mama, unisamehe. Ni mimi nilinunua mubaya."

Mama alisema kondoo ilikuwa nzuri, na kwamba tangu mutoto alikuwa anadanganywa sokoni, baba yake aliacha kumtuma hata chumvi. Yoane aliinamisha kichwa. Ana mvi, huyu mutu. Halafu akarudi kwangu, akaniomba mimi pia msamaha, kwa sababu amenisumbua na joto hii.

Mimi nilisema si kitu.

Nilisema si kitu!

Nililegeza breki ya miguu yote mbili, mafuta yake ikamwagika. Tuliingia Koboko na gia ya kwanza, bila breki, watu wanatupita na miguu. Walituonyesha Mzee Ramadhani. Ni Mnubi, alikuwa dereva ya jeshi zamani za Wazungu, sasa anatengeneza gari mbele ya nyumba yake. Alifungua miguu yote mbili, akatoa raba nne, akaziweka juu ya kitambaa. Akachukua moja, akanusa. Akaangalia Yoane, akaangalia mimi. Akaangalia mikono yangu.

"Hii raba ilikuwa nzuri," alisema. "Imekunywa."

Yoane alikuwa anamfungulia mama maji, sijui kama alisikia. Mimi niliuliza, imekunywa nini, kama mutu hajui. Mzee aliinama kwa kazi yake. Baadaye Yoane alipoenda chooni, mzee alisema polepole, bado anafanya kazi, "Mimi kazi yangu ni kusema na raba. Kusema na mutu ni kazi yako."

Raba ingine hakuna, hata kwake. Alichofanya, alipiga bomba ya mafuta ya breki ya nyuma mpaka ikafunga, akajaza mafuta mupya, breki ikabaki ya mbele tu. Alituambia mpaka Yei inaweza, kama mutu hana haraka. Lakini mteremko ya kushuka mtoni Kaya iogopwe. Akasema gari iende pole kama mutu anatembea, na mutu moja atembee kando na kabari, ile kipande ya mti ya kuweka mbele ya tairi gari ikikataa kusimama.

Nilisema mimi nitatembea. Tulilala kwa mzee, na leo alfajiri tukatoka, baisikeli nikaacha kwa ukuta yake.

Kubeba mti, hiyo naweza. Ludara tulipita, watoto wakatufuata, wakachoka. Kwa mteremko Yoane alishika gia ya kwanza, mimi kando, kabari begani, macho kwa tairi. Mara tatu gari ilianza kukimbia, mara tatu nilitupa kabari, ikapanda kidogo, ikasimama. Mara ya pili kidole yangu ya mguu ilikuwa karibu kubaki huko. Kila mara Yoane alitoa kichwa dirishani.

"Asante, ndugu yangu. Mungu anakuona."

Mara ya kwanza nilinyamaza. Mara ya pili nilinyamaza. Nilidhani nikitoka jasho ya kutosha haya itaisha. Haikuisha. Kila asante iliongeza. Mimi namwibia mutu tena, na yeye ananishukuru kwa kubeba.

Mara ya tatu ilikuwa chini kabisa, pale kwa mpaka. Watu walikuwa wengi, na vitanda, na kuku, wanangoja kupita. Yoane alishuka kunikumbatia kwaheri. Nikaweka mkono kwa kifua yake, nikamzuia.

"Wazaire hawakukudanganya," nilisema. "Ni mimi. Niliosha raba na mafuta ya taa. Sikujua. Halafu nilijua, pale njiani, nikasema uongo."

Aliangalia ile mteremko, tangu juu mpaka chini. Nilidhani atanipiga, nilikuwa tayari.

"Mwambie mama," alisema.

Nilienda dirishani. Nikasema kwa Kikakwa yangu ya kuvunjika, pole pole. Mama aliweka mkono kwa sikio. Hakusikia. Nikasema tena. Akasema, nini? Watu wakaanza kugeuka. Yoane alisimama nyuma yangu, hakunisaidia hata neno moja. Basi nikapiga kelele, pale mbele ya watu na kuku, mutu mzima, "Ni mimi! Mimi niliharibu raba! Mutoto yako alinunua nzuri!"

Watu walicheka. Mwingine aliuliza mwenzake, huyu ni fundi ya wapi? Akajibiwa, ya Arua. Wakacheka tena.

Mama hakucheka. Aliniangalia muda. Halafu akaangalia Yoane, akanyoosha mkono dirishani, akamshika sikio, kama mutu anashika mutoto mudogo.

"Kumbe si kosa ya mutoto yangu," alisema.

Ni hiyo tu. Yoane alifuta uso na mkono ya shati, akapanda, akawasha. Hakunipa mkono. Alisema tu, "Ungesema pale mkekani." Halafu walipita. Kabari ilibaki mkononi mwangu. Niliangalia gari mpaka ikapanda upande ya pili, polepole, mwavuli inaonekana kwa kioo.

Nilirudi Koboko na miguu.

Sasa niko hapa. Mzee Ramadhani alinipa chai na hakuniuliza kama nilisema. Nadhani aliona. Alinionyesha kikombe moja na kifuniko, kama ile ya Muhindi. Ndani iko mafuta ya breki kidogo. Alisema raba inaoshwa na hii peke yake, hata mutoto anajua. Nilisema ndiyo, Mzee.

Baisikeli iko pale kwa ukuta. Yoane hakusema niache, hakusema nichukue. Breki yake inashika vizuri, mbele na nyuma. Nimejaribu na mkono tu, sikupanda.

Mzee ametoka sasa hivi kufunga kuku. Ameuliza hii baisikeli ni ya nani, iingie ndani.

Nimesema ni ya Yoane. Nimesema kila wiki watu ya Yei wanapita hapa, ampe mutu moja mwaminifu aipeleke.

Arua ni mbali na miguu. Nitaanza alfajiri, kabla ya joto. Na mutaani mutu akiniita fundi, itabidi nisimame, nimwambie.

Nitaweza?